Hodi ya Ghorofa ya Nane

Ninyi mnaoanza kazi ya kusimama kati ya polisi na watu wetu mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Mlitarajia, nadhani, mbinu. Ninazo, na baadhi nitawapa humu. Lakini karibu zote nilizipata kutokana na ukuta mmoja wa ghorofa ya nane huko Barking, mashariki ya London, na sijui namna ya kuwapa mbinu nikawaficha ukuta. Nianze na soksi, maana soksi zinachekesha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini serikali ilitenga fedha ili polisi wa London wajifunze kuzilinda jamii ndogo ambazo kwa muda mrefu walikuwa wamezizoea kwa kuzikamata tu. Kituo kimoja cha mashariki ya jiji kilipata fungu lake, na kwa fungu hilo nikaajiriwa mimi: kijana wa Tanga, mwenye shahada ya sosholojia, suti moja, na imani kwamba dunia itatengemaa ikielezwa vizuri. Niliitwa afisa uhusiano wa jamii. Mkataba ulisema kwamba kazi yangu ni kuwaeleza polisi utamaduni wa wasemaji wa Kiswahili. Ulikuwa mkataba wa mwaka mmoja, na kila mwaka uliombwa upya.

Katika wiki yangu ya pili niliwakusanya askari kwenye chumba cha mikutano nikawafundisha kwamba nyumba ya Mwafrika haiingiwi na viatu. Niliwachorea hata mlango, na mahali pa kuviweka. Siku chache baadaye askari mmoja kijana alikwenda kwa mchungaji Mkongomani aliyevunjiwa gari, nami nikafuatana naye. Askari akavua buti zake mlangoni kwa heshima kubwa, akaingia na soksi iliyotoboka, kidole gumba kikitazama nje. Mchungaji alikuwa ameketi kwenye kochi na viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa. Kila mtu nyumbani mle alikuwa na viatu miguuni. Akamtazama askari kwa huruma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Huyu kijana, banamuibia viatu?" Kabla hatujaondoka alimwombea. Jumapili iliyofuata kanisa lilileta kituoni jozi ya viatu vyeusi, vikubwa kidogo.

Kisa hicho nilimsimulia Bi Salma, nikidhani atacheka. Alikuwa Mzanzibari aliyekuja Uingereza uhamishoni, mkazi wa Harrow, mkalimani wa mahakamani kwa miaka mingi, na kituo kilimlipa anifunze ukalimani kwa kuwa mimi nilijua sosholojia tu. Bi Salma hakucheka.

"Umewafundisha nyumba ya bibi yako, mwanangu," alisema. "Yule bwana si bibi yako."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Kuandika kulikuwa rahisi kwangu. Chuo kilikuwa kimenizoeza kuamini kwamba jambo likishaandikwa limeeleweka.

Somo lake la pili lilinigharimu aibu. Kijana mmoja wa Goma, aliyekamatwa kwa ugomvi, aliletwa mbele ya Sajenti Dale, mkuu wangu, mtu mrefu, mpole, aliyekaribia kustaafu. Yule kijana alitukana. Alimtukana Dale, akamtukana malkia, kisha akanigeukia mimi, akamshughulikia mama yangu mzazi kwa ukamilifu ambao sijawahi kuusikia tena. Nikamwambia Dale kwamba bwana huyu hajaridhika. Bi Salma, aliyekuwa ameketi nyuma yangu akinisimamia, akakohoa. "Hakusema hivyo," akasema, na kwa Kiingereza safi cha mwalimu wa shule, bila kutikisa kope, akatafsiri lote, pamoja na sehemu ya mama yangu. Dale akawa mwekundu hadi masikioni. Yule kijana akashangaa sana. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu afike nchi hii, mtu kumsikiliza hadi akamaliza. Akakaa kitako akaanza kujibu maswali.

Kanuni ya Bi Salma ni hii, na mkisahau mengine yote ishikeni hii. Mkalimani hutafsiri kila kitu, na hutafsiri kwa nafsi ya kwanza. Mtu akisema "mimi niliogopa," usiseme "anasema aliogopa." Sema "mimi niliogopa." Mdomo wako umemwazima, usiuchukue kabla hajamaliza. Nilimuuliza Bi Salma, kwa ukaidi wa kisomi, itakuwaje mtu akisema jambo linalomdhuru mkalimani mwenyewe. Akasema hapo ndipo utakapojua kama uliwahi kuwa mkalimani.

Sasa ukuta.

Mama Riziki alitoka Bukavu. Alikuwa mjane, akisafisha ofisi za mjini tangu kabla ya mapambazuko, na kila siku alirudi kwake saa nne asubuhi, wakati jengo lote limekuwa tupu: watoto shuleni, wazazi kazini, lifti imesimama. Alinijia mwisho wa mkutano wetu wa mwezi, katika ukumbi wa kanisa, akangoja wengine watoke. Aliniita Papa Hamisi, yaani baba, kwa heshima ya kwao, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na saba na sina hata paka.

"Papa Hamisi," alisema, "iko mutu mu ukuta. Anapiga hodi."

Nilimwomba aeleze. Akasema kila siku, akishaingiza ufunguo wake mlangoni, akavua koti na kukaa, ukuta wa upande wa kulia unabishwa. Haubishwi kabla hajafika. Mwanzoni alidhani ni mwangwi wa mlango wake mwenyewe. Kisha akagundua kwamba siku akichelewa, hodi nayo inachelewa. Anayebisha alikuwa anamngojea.

Niliripoti kwa Dale, naye alifanya yaliyo wajibu. Alikwenda mchana akagonga mlango wa jirani, hakuna aliyefungua. Alikwenda jioni, wakafungua mume na mke, watu wa adabu waliowahi kuishi huko kwetu Afrika Mashariki, wote wawili wana kazi nzuri, wakasema mabomba ya jengo hili yanasumbua tangu wahamie. Halmashauri ikathibitisha kwamba nyumba ile ina wapangaji wawili na hakuna mwingine. Hapa nawapa mbinu ambayo sikuwa nayo wakati ule: msiulize kamwe ni nani anaishi hapa. Mtu hujibu swali hilo kwa mkataba wa pango. Ulizeni nani analala hapa, na analala chumba gani, kisha tazameni macho yanakwenda wapi kabla ya jibu.

Dale akanigeukia akaniuliza kama kuna jambo la kitamaduni asilolielewa. Swali hilo ndilo nililolipiwa mshahara. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Nilifika saa tatu na nusu asubuhi, nikamngoja Mama Riziki mlangoni kwake, tukaingia pamoja. Jua la Aprili lilikuwa limejaa sebule. Kila kitu kilionekana wazi, vitambaa vya kufuma juu ya viti, picha ya marehemu mumewe, kalenda ya kanisa. Akavua koti. Akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, daftari mkononi.

Ukuta ukabisha.

Mnajua jinsi Mwingereza anavyobisha: mfululizo, kama anayemfukuza paka. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa mara moja. Kisha kimya, kirefu kama muda anaouhitaji mwenye nyumba kuweka chini alichoshika na kujifunga vizuri. Kisha mara ya pili. Kisha kimya kingine, kirefu zaidi, cha mtu anayejiuliza kama wenyewe wapo. Kisha mara ya tatu, taratibu, bila kulazimisha. Baada ya hapo kimya kikabaki, kwa sababu hodi ni tatu, na mwenye adabu haongezi ya nne.

Sauti ilitokea chini, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni. Nywele za mikono yangu zilisimama, na nilikasirika kwamba zimesimama. Nilikuwa mtu wa chuo. Nilikwisha kuamua, nikiwa bado kwenye treni, kwamba huyu ni mama mpweke aliyepoteza mume na nchi, na kwamba ukuta unamletea alivyovikosa. Nilikuwa nimesoma juu ya watu kama yeye. Basi nikafanya jambo nililoliona la busara na la heshima: nikaamua kumtuliza ndani ya utamaduni wake. Na kwa kuwa utamaduni wake sikuujua, nilichukua wa bibi yangu.

Bibi yangu wa Tanga alitukataza kuitika tukiitwa na sauti isiyo na mtu. Kwao ilijulikana kwamba kuna visivyoonekana vinavyojaribu milango, na kwamba jibu lako ndilo ufunguo wao. Mimi sikuamini hata neno moja. Lakini nilisimama katikati ya sebule ile nikayasema, kwa sauti ya mhadhiri, iliyosikika vyumba viwili mbele: "Mama Riziki, mtu haitikii asiyemwona. Usiitike. Ukiitika, utakuwa umekikaribisha."

Mama Riziki alilikunja koti lake magotini. "Kwetu hodi banaijibu," akasema. "Hata ya adui. Lakini wewe njo mutu ya serikali."

Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, nilisikia kitu kikiburutwa polepole, kikienda mbali. Kilichukua muda. Nilikisikiliza hadi kikaisha, nikajiambia ni bomba linapoa.

Kituoni nilijaza fomu. Niliandika kwamba ni suala la imani za kijadi, kwamba mlalamikaji ametulizwa kwa njia inayoheshimu utamaduni wake, na kwamba hakuna hatua ya polisi inayohitajika. Karani akayaingiza kwenye kompyuta. Niliyapenda maneno hayo kiasi kwamba nikayanakili kwenye ripoti ya mwaka ya wizara, chini ya kichwa cha mifano ya mafanikio.

Ngoja niwaeleze juu ya ripoti ile, maana nanyi mtaandika za kwenu. Mwaka ule tulitembelewa na afisa mmoja wa Kanada, mwenyeji asilia wa huko, aliyetumika katika kikosi kidogo cha polisi wa watu wake, kwenye eneo lao wenyewe. Kikosi chake kililipwa na serikali kama sisi, kwa makubaliano ya muda mfupi mfupi, na kila yalipokaribia kwisha hawakujua kama watakuwepo. Alikuwa na ucheshi mkavu. Alisema, "Tunawalinda watu wetu kwa miezi kadhaa, na miezi inayobaki tunaandika kwa nini turuhusiwe kuendelea kuwalinda. Siku moja nilijikuta ninafurahia wizi kwa sababu ungependeza kwenye ripoti." Tulicheka sote. Akaongeza kwamba hatari si kukosa fedha tu. Hatari nyingine ni kuanza kuwatazama watu wako kwa macho ya yule anayezitoa. Hapo hatukucheka sana. Mimi niliandika kwenye daftari.

Baada ya ziara yangu hodi ilikoma kwa siku tisa. Mama Riziki alinipigia simu kuniambia, nami nikampongeza. Kisha ikarudi, lakini haikuwa tatu tena. Ilikuwa moja, nyepesi, kama ya mtu asiye na hakika kama ana haki ya kubisha. Mama Riziki alihamisha kiti chake. Alifungua redio. Alipiga simu kituoni mara mbili, na mara zote mbili karani alisoma niliyoyaandika, akamwambia kwa upole kwamba jambo lake linashughulikiwa na afisa uhusiano wa jamii. Afisa uhusiano wa jamii alikuwa anaandika ripoti. Kwa hiyo huyo mama alikuwa na kuta mbili, na wa pili niliujenga mimi.

Ijumaa moja aliletwa mezani kwangu akiwa bado na aproni ya kazini. Hakukaa.

"Nimesema karibu," akaniambia.

Nilimuuliza nini kilitokea. Alikunja ncha ya aproni.

"Iko mwanamuke. Amesema: siwezi, mama, mlango hauna kitasa huku kwangu."

Nakumbuka nilitazama dirishani, na watu walikuwa wakipita na mifuko ya sokoni, na hakuna aliyeonekana kujua. Nikauliza swali la kipumbavu, la kitaalamu: alisema kwa Kiswahili gani?

"Ya kwenu," akajibu Mama Riziki. "Ya pwani. Sawa yako."

Sasa nitawaambia jambo nililolificha kwa miaka, na ndilo lililonifanya nikubali kuwaandikia. Wageni wa wizara walikuwa waje Jumatatu. Walikuja kuamua kama fungu letu litaendelea, na mfano wao mkuu, waliousoma na kuusifu kwa barua, ulikuwa ni ukuta wa Mama Riziki. Nilimwambia Mama Riziki kwamba nitalifuatilia. Kisha nikakaa nalo. Nilijiambia kwamba ni lazima nihakikishe kwanza. Kwamba afisa anayekurupuka huharibu imani ya polisi. Kwamba kituo kikipoteza nafasi yangu hakutakuwa na mtu wa kuwasemea wengine wote, na wengine wote ni wengi kuliko mmoja. Kila sababu ilikuja imevaa nguo safi. Jumamosi nilipiga pasi shati la Jumatatu.

Wageni walikuja. Walikula sambusa za Bi Salma, wakauliza maswali mazuri. Mmoja wao, bibi mwenye miwani, alisema kisa cha ukuta kimemgusa. Nikasema asante. Asubuhi hiyo, kabla hawajafika, Mama Riziki alikuwa amepiga simu, nikaambiwa ujumbe wake nikiwa ninapanga viti: leo hakubisha.

Nilimwambia Dale saa nane mchana, walipokwisha kuondoka. Alisimama kabla sijamaliza, akachukua kofia yake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ijumaa."

Akaelekea mlangoni. Hakuwahi kunikemea, si siku hiyo wala nyingine, na kwa muda mrefu nililichukulia hilo kuwa ni wema. Leo nadhani hakujua aanzie wapi.

Mtu wa halmashauri alitufungulia kwa ufunguo wa akiba. Nyumba ilikuwa tupu, imesafishwa, inanuka dawa ya chooni. Jirani wa chini alisema aliwaona Jumapili wakishusha mizigo. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, kilichojengwa kiwe stoo, na mlango wake ulikuwa na kitasa upande wa nje tu. Ndani hapakuwa na chochote. Lakini kwenye ukuta unaopakana na sebule ya Mama Riziki, kimo cha mtu aliyeketi, palikuwa na duara la ukubwa wa sahani ambapo rangi ilikuwa imekwisha. Lipu pale ilikuwa laini, imelainishwa kama ngazi ya msikiti wa zamani inavyolainishwa na miguu. Dale aliinama akaitazama, asiiguse.

Mama Riziki alikuwa ametufuata. Aliweka kiganja chake juu ya duara lile, akasema, polepole, "Karibu." Tulisimama wote wanne tukisikiliza. Nawaambia kweli, sijawahi kusikia kimya kama kile, kwa sababu kilikuwa na umbo. Ungeweza kuhesabu ndani yake mahali hodi tatu zilipokuwa zikikaa.

Waliwatafuta wale mume na mke, hawakuwapata. Miezi miwili baadaye wizara iliandika kwamba fungu letu limeongezwa. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama.

Mama Riziki hakuhama. Kila siku, saa nne, alivua koti, akakaa, akausalimu ukuta. Wapangaji wapya wakalalamika kwa halmashauri kwamba jirani yao anaongea na kuta, na lalamiko hilo, kwa utaratibu wa ofisi, likafika mezani kwangu, na ombi la ufafanuzi wa kitamaduni. Niliandika mstari mmoja: bibi huyu ana sababu. Ndiyo ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sina ninayoijutia kidogo kuliko hiyo.

Miaka ikapita, zaidi ya mitano. Nilijifunza kazi, kama mtu anavyojifunza baada ya kuchelewa. Nilijifunza kukaa mahali ambapo msemaji anauona mdomo wangu. Nilijifunza kutopanda lifti pamoja na upande mmoja wa kesi kabla ya mahojiano. Nilijifunza kwamba askari akiniuliza kama jambo ni la kitamaduni, jibu la kwanza liwe: tufungue mlango kwanza, kisha nitakueleza.

Siku moja niliitwa kwenye kituo cha upande wa pili wa jiji. Ilikuwa zamu ya Bi Salma, lakini miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mwanamke mmoja alikuwa ameingia dukani Kingsbury, peku, akamwomba mwenye duka kwa Kiswahili amwitie polisi. Alikuwa amejitoa mwenyewe kwenye nyumba alimofungiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemfungulia. Jina lake nitalificha, nitamwita Mwanaidi.

Chumba kilikuwa cheupe, cha mchana, chenye meza na mashine ya kurekodia. Mpelelezi alikuwa binti mdogo, makini. Mwanaidi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijitambulisha kama tunavyopaswa: mimi ni mkalimani, nitatafsiri kila kitu kitakachosemwa chumbani humu, sitaongeza, sitapunguza. Akainua uso. Hakunitazama macho. Alinitazama mdomo, na hakuuacha tena.

Mpelelezi akamuuliza alianza kufungiwa wapi. Akajibu, nami nikatafsiri, sentensi kwa sentensi, kwa nafsi ya kwanza.

"Nilikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, juu sana. Nilimsikia mama wa upande wa pili akiingiza ufunguo. Nikabisha hodi, kama tunavyobisha kwetu, nikangoja karibu ndipo niseme."

Nilitafsiri. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na niliiona kama mikono ya mtu mwingine.

"Siku moja alikuja mwanamume. Nilimsikia anasema Kiswahili cha kwetu Tanga. Nilifurahi. Nilijifunga kanga yangu vizuri, maana nilijua mlango utafunguliwa."

Nilitafsiri.

"Akamwambia yule mama: mtu haitikii asiyemwona. Usiitike, ukiitika utakuwa umekikaribisha. Mimi nimekuzwa na maneno hayo. Basi nikajiburuta, nikakaa mbali na ukuta. Nikajipapasa uso. Siku tisa nilikuwa nikijiuliza kama nimekwisha kufa, na hakuna aliyeniambia."

Nilitafsiri hayo pia. Nilisema kwa Kiingereza, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba mimi nilijipapasa uso.

 Kisha akasema, bila chuki, kama anayemwonyesha mtu njia: "Sauti ya mwanamume yule ni hii."

Chumbani mlikuwa na watu watatu, na wawili tu walijua Kiswahili. Ningeweza kutafsiri: sijui mwanamume yule alikuwa nani. Pale pale hakuna ambaye angejua. Nilikisikia kikohozi cha Bi Salma kana kwamba ameketi nyuma yangu. Nikatafsiri, neno kwa neno: sauti ya mwanamume yule ni hii.

Kalamu ya mpelelezi ikasimama. "Ipi?"

"Yangu," nikasema.

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akasema, na ilikuwa sahihi, kwamba hana budi kusimamisha mahojiano na kutafuta mkalimani mwingine. Akanyoosha mkono kuelekea mashine. Ndipo Mwanaidi alipokunja vidole vyake akabisha mezani. Mara moja. Akangoja, macho yake mdomoni kwangu. Mkono wa mpelelezi ulibaki hewani.   Mwanaidi akabisha mara ya pili. Akangoja zaidi. Nikajua kwamba ataongeza moja tu, na kwamba baada ya hiyo hataongeza kamwe.

Akabisha ya tatu.

"Karibu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha mkono wake pajani.

"Asante, kaka," akasema. "Nilitaka tu kujua kama ilikuwa inasikika."

Mpelelezi alikuwa akinitazama, anangoja. Nikamtafsiria.